Mjomba, pampu ya presha ya GTI yangu imechoka: ninunue mpya au niifumue?

Shikamoo Mjomba,

Nina Golf GTI ya kizazi cha tano, ya mwaka 2007, injini ya TFSI ya lita 2, yaani ya petroli yenye turbo. Niliiagiza Japani miaka minne iliyopita na sijawahi kuijutia. Mwaka jana kijana mmoja wa hapa Dar alinipandishia kwenye kompyuta ya injini programu ya kuongeza nguvu, wanayoiita steji ya 2, na kunibadilishia bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo. Mjomba, gari likageuka mnyama. Nilikuwa natafuta sababu za kwenda Bagamoyo.

Sasa ni mwezi wa pili halina raha. Nikilikanyaga gia ya tatu au ya nne, likifika mzunguko kama 4,500 linashtuka, kama mtu amelishika mkia kwa nyuma. Nguvu zinakatika, taa ya injini inawaka. Nikizima na kuwasha linakuwa zima kabisa, hadi nikikanyaga tena. Asubuhi nazungusha stata muda mrefu ndipo linawaka. Mashine inasoma P0087, yaani presha ya mafuta kwenye reli, lile bomba linalogawia injekta mafuta, iko chini.

Nimezunguka na nimepewa majibu manne. Kijana aliyenipandishia programu anasema pampu ya presha imekufa, ninunue mpya kutoka Dubai kwa milioni moja na laki nne. Fundi pampu mmoja wa Ilala, anayetengeneza pampu za Fuso, anasema nisitupe hela: ataifumua, atachonga pistoni nene kidogo ili isukume mafuta zaidi, atabadilisha sili, laki mbili na nusu, nichukue kesho yake jioni. Muuza spea wa Gerezani ana iliyotumika kutoka Japani, laki nne, haina garantii. Na shemeji yangu anasema nirudishe programu ya kiwandani niendeshe gari kama watu wengine.

Nina laki tisa tu, nazo ni za mchezo niliopokea juzi. Mama watoto anajua ni za tenki la maji.

Nilitaka pia kuuliza, ingawa sijui kama inahusiana: wiki iliyopita nilichomoa kijiti cha oili nikakuta oili imepanda juu ya alama. Sijaongeza tone. Hili sijamwambia fundi yeyote.

Mpwa wako, Tegeta.

*

Marahaba mpwa wangu.

Barua yako ningeisoma kuanzia chini. Watu wote wanne wamekujibu kuhusu pampu na programu, na hakuna hata mmoja aliyechomoa kijiti cha oili. Wewe umekichomoa, halafu ukaandika jambo zito kuliko yote kama mtu anayeuliza saa.

Chomoa tena leo, injini ikiwa ya baridi, unuse. Kama inanuka petroli, gari lisitoke getini. Si kesho kwenda kazini mara ya mwisho, si mpaka dukani. Oili haizaliani. Ikipanda bila kuongezwa, kuna kitu kimeingia humo, na kwa dalili ulizoeleza, hicho kitu karibu hakika ni petroli. Injekta inayovuja nayo inaweza kufanya hivyo, na hata safari fupi fupi za injini baridi huingiza kidogo, lakini ukiweka pamoja na stata ndefu ya asubuhi na P0087, macho yangu yanakwenda kwenye pampu ya presha.

Njia yenyewe ni hii. Kwenye injini yako pampu hiyo imefungwa mwisho wa kichwa cha injini, upande wa gia boksi, karibu na betri. Inaendeshwa na kamshafti, shafti inayofungua vali, ya upande wa kuingiza hewa, ambayo mwishoni ina nundu tatu. Kila nundu ikipita inasukuma kijiti cha pistoni ya pampu, na petroli inabanwa: kama bar 50 gari likiwa sailensa, karibu bar 110 ukikanyaga. Juu ya pistoni kuna petroli, chini yake kuna oili ya injini, na katikati kuna sili ndogo tu. Sili ikichoka, petroli inashuka kwenye oili tone kwa tone, na oili inakuwa nyepesi kama chai ya mkandaa. Hiyo hiyo ndiyo unayoitegemea ipozeshe shafti ya turbo na kulinda mabelingi. Kwa hiyo pampu imeacha kuwa tatizo lako peke yake.

Sasa twende kwenye kitu ambacho hakuna aliyekutajia. Kati ya nundu za kamshafti na kijiti cha pampu kuna kikombe kidogo cha chuma, tapeti ya pampu. Kinakaa kwenye kiganja kama kifuniko cha soda. Kwenye injini yako hakina rola. Nundu inasugua chuma kwa chuma na kinachovitenganisha ni utando wa oili na rangi nyeusi ngumu waliyokipaka kiwandani. Injini zilizofuata za familia hiyo ziliwekewa rola. Yako haina, kwa hiyo hicho kikombe ni cha kukaguliwa na kubadilishwa kama plagi, ingawa wengi walionunua magari haya kutoka Japani hawajawahi kukiona.

Kikilika, kijiti cha pistoni hakisukumwi umbali wake kamili, pampu inavuta pumzi nusu, na presha inaporomoka pale pale injini inapohitaji mafuta mengi. Mashine itasoma P0087 na fundi ataihukumu pampu.

Nami nimewahi kuhukumu hivyo. Mteja aliniletea gari kama lako, dalili kama zako, nikamfungia pampu mpya kabisa ya kwenye boksi. Kikombe kilibaki kimekaa shimoni, sikukivuta. Baada ya wiki mbili gari likarudi likiburutwa. Nilipotoa pampu nikachomeka kidole kwenye shimo, kikombe kikatoka na tundu katikati, la duara, safi, kama kimetobolewa kwa msumari wa moto. Kijiti cha pampu mpya kilikuwa kinapigana na nundu za kamshafti moja kwa moja. Pampu ikafa, kamshafti ikaliwa, na chembe za chuma zikashuka kwenye oili. Kamshafti nililipa mimi.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu shilingi, pampu ifunguliwe kikombe kitazamwe. Kazi yenyewe si kubwa: bolti tatu, mabomba, soketi ya umeme. Lakini ile presha si ya mchezo. Petroli ya bar 100 inapita kwenye ngozi kama sindano. Injini iwe imepoa. Fundi achomoe fyuzi ya pampu ya tangi, awashe gari mpaka lijizime lenyewe kwa kukosa mafuta, kisha afungue nati ya bomba polepole akiwa amelifunika kwa kitambaa, na miwani usoni. Betri ichomolewe. Kuna jambo moja la magari haya ambalo limewalowesha wengi petroli: ukifungua mlango wa dereva tu, pampu ya tangi inaanza kuvuma ili kuandaa mafuta. Fyuzi ikiwa imesharudishwa na mabomba bado yako wazi, halafu mtoto akaja kuchukua chaja ya simu, mtaoga. Funga gari, funguo weka mfukoni.

Kikombe kikitoka, kipanguse kwa kitambaa uangalie uso uliokuwa unagusa nundu. Ukiwa mweusi wote, shukuru. Ukiona duara la rangi ya fedha katikati, rangi imekwisha na chuma kimeanza kuliwa. Kikombe kibadilishwe, halafu chungulia nundu kwa tochi uzungushe injini kwa mkono uzione zote tatu. Zikiwa laini na zinang'aa sawasawa, umewahi. Zikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, au kikombe kikiwa na tundu, usiendelee kuulizia pampu, ulizia kamshafti. Namba ya kikombe ni 06D 109 309 C, mwandikie muuza spea hivyo hivyo asikuletee kingine.

Siku hiyo hiyo, pampu ikiwa imerudi, pimeni na upande wa tangi. Pampu ya presha haitengenezi mafuta, inabana yale inayoletewa. Ikiletewa kidogo, hata ya dhahabu itashindwa. Geji iwekwe kwenye bomba la presha ndogo, linalotoka tangi. Kwa kawaida huko huzunguka bar 4 hadi 6. Kama una tabia ya kuendesha taa ya mafuta ikiwaka, acha, kwa sababu pampu ya tangi inapozwa na hayo hayo mafuta. Filta nayo ibadilishwe kama hujui ilibadilishwa lini. Na kwenye reli kuna vali ya kuachia presha ikizidi. Ikilegea inaachia mapema na inaleta dalili zile zile za pampu mbovu. Fundi mwenye mashine nzuri arekodi presha inayoombwa na kompyuta na presha inayopatikana, gari likikanyagwa gia ya tatu, likiwa na oili mpya na mahali salama. Upande wa tangi ukianguka kwanza, tatizo liko nyuma. Ukisimama imara huku reli ikianguka, liko mbele.

Sasa washauri wako.

Kijana wa programu amesema nusu ya kweli. Pampu ya kiwandani ya injini hii iliwekwa kwa ajili ya gari la nguvu farasi 200. Steji ya 2 inaipandisha mpaka 250 hivi, na hapo pampu inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake. Ndiyo maana watengenezaji wa programu wana steji ya 2 na nyingine ya 2+, na tofauti kubwa kati yake ni pampu. Kwa hiyo hata ukinunua mpya ya kawaida kwa milioni na laki nne, utakuwa umerudi ukingoni pale pale, ila na pampu isiyochoka bado. Alipaswa kukuambia hayo siku anapokea hela yako ya programu. Na alipaswa kukitazama kile kikombe.

Fundi wa Ilala simdharau. Hao watu wanafufua pampu za Fuso zilizokwishatupwa, na wana mikono. Lakini dizeli ni mafuta yenye ulaini, yanalainisha pampu huku yakipita. Petroli ni kavu, inaosha. Kwenye pampu yako pistoni na ala yake vimeachana kwa nafasi ya sehemu chache za elfu ya milimita, na nafasi hiyo ndiyo inayozuia petroli isirudi chini. Pistoni ya kuchongwa kwenye leti ya mtaani haiwezi kufika usahihi huo. Ikibana, itakwama injini ikipata joto. Ikilegea, utakuwa na sili mpya na petroli ile ile kwenye oili. Na hiyo sili atakayoiweka, ameitoa wapi? Muulize. Kama ni oringi ya mpira wa kawaida, petroli itaivimbisha kabla hujafika Bunju.

Ila wazo lake la pistoni nene ni sahihi, na linafanyika duniani kila siku. Ziko seti za kufumulia pampu hii, pistoni na ala yake vimesagwa pamoja kama mapacha, na springi na sili zake. Kipenyo kikiongezeka kwa moja ya tano tu, mafuta yanayosukumwa kila pigo yanaongezeka kwa asilimia 44, maana eneo linakua kwa kipenyo mara kipenyo. Hesabu hiyo hiyo inakudai upande wa pili: kusukuma pistoni yenye eneo kubwa kwa presha ile ile kunahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 44, na nguvu yote inapita kwenye kile kikombe. Mwenye seti hiyo anatoa kikombe kukitazama kila akimwaga oili, na oili haimwagi kwa kalenda ya kitabu. Mimi nawaambia kilomita 8,000 usivuke, oili yenye alama ya VW 502 00, na isiwe ya kupimiwa kwenye pipa. Halafu programu irekebishwe ili ijue pampu imebadilika, na ile vali ya reli iwe inayohimili presha utakayoomba. Seti, vali, usafiri, ushuru, programu: laki tisa haitoshi. Na hii si shida ya Golf pekee. Mwaka 2010 BMW iliyaita karakana, nchini Marekani, magari yapatayo 130,000 ya injini yao ya turbo mbili kwa ajili ya pampu ya presha.

Ya Gerezani inaweza kukufaa, kwa masharti. Yule muuzaji mara nyingi ana kichwa kizima au injini nusu nyuma ya duka. Mwambie akuoneshe na kikombe kilichokuwa chini ya pampu hiyo. Kikombe cheusi kinakusimulia pampu iliishi vizuri. Kikiwa na duara la fedha, au akisema hakijui kilipo, ondoka. Bonyeza kijiti kwa kidole gumba: kirudi chenyewe bila kusita, ncha iwe laini bila alama ya kugongwa. Chungulia matundu ya mafuta, kutu ikiwemo achana nayo. Na mkubaliane kwa maandishi, hata ya kwenye simu, kwamba ukifunga presha ikakataa unairudisha ndani ya siku tatu. Atanung'unika, atakubali.

Shemeji yako ndiye ninayesimama naye kwa sasa, najua utaumia. Presha ya mafuta ikianguka huku turbo inasukuma hewa ya steji ya 2, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na pistoni za injini ni za aluminiamu. Kule kushtuka unakokulaani ni kompyuta inakuokoa. Ukizima na kuwasha ili ukanyage tena, unamnyang'anya mlinzi rungu.

Kwa hiyo kama ningekuwa na gari lako na laki tisa zako: ningeliacha limesimama, nimwite fundi nyumbani. Kikombe kipya, kwa vyovyote. Kikombe cha zamani kikiwa na tundu, tungeishia hapo na kuanza mazungumzo mengine. Kikiwa kizima na nundu ziko sawa, programu ya kiwandani irudi, bila malipo kama kijana wako ni muungwana. Pampu ya Gerezani kwa masharti yale. Gasketi na oringi mpya. Oili na filta mpya, halafu zimwagwe tena baada ya kilomita mia chache kuondoa petroli iliyobaki. Wakati wa kufunga, injini izungushwe mpaka kikombe kikae kwenye bonde kati ya nundu mbili, na bolti tatu zikazwe zamu kwa zamu, kidogo kidogo, la sivyo pampu itakaa kimshazari na kuvunja kiti chake. Steji ya 2 itasubiri seti kamili. Kitakachobaki, nenda nacho kwa mama watoto mwenyewe, kabla hajauliza tenki liko wapi.

Kikombe ukikitoa, kipige picha juani, si kwa tochi ya simu. Tochi inafanya cheusi kionekane cha fedha. Nitumie kabla hujapanda daladala kwenda Gerezani.

Mjomba